Kabla Hujasema "Mbona": Namna ya Kumwongoza Kijana kwa Kudadisi Naye Badala ya Kumgombeza

Kwa dakika 20 nilimsema mpwa wangu kuhusu simu na usingizi. Mimi nimesimama mlangoni mwa chumba chake, yeye amekaa kitandani, macho sakafuni. Hoja zangu zilikuwa nzuri sana: macho yataharibika, masomo yatashuka, sisi enzi zetu hatukuwa hivi. Nilipomaliza akasema, "Nimesikia, shangazi." Aliyewahi kuishi na kijana wa miaka 15 anaijua hiyo "nimesikia". Ni kufuli, na ufunguo anao yeye. Usiku ule ule alilala saa nane.

Ninayoandika hapa nimeyapata katika miezi iliyofuata, mengine kwa kusoma, mengi kwa kukosea. Ni kwa mzazi, mlezi, mwalimu, kocha, yeyote mwenye vijana mikononi mwake, tuseme wa kati ya miaka 11 na 19. Sikufundishi kubembeleza. Mipaka inabaki pale pale, ila njia ya kuifikia inabadilika. Na njia yenyewe ina sharti moja gumu: lazima kweli uwe hujui. Swali ambalo jibu lake tayari liko mfukoni mwako ni karipio lililovaa kanzu ya swali, na kijana hulitambua kabla hujamaliza kulitamka.

Karipio linafanya nini kichwani

Mwaka 2015 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo lakini la kufikirisha. Waliwaweka vijana 32 kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasikilizisha sauti za mama zao wenyewe, zilizorekodiwa, zikiwalaumu kwa sekunde 30. Sehemu za ubongo zinazohusika na hisia kali zilichangamka. Zinazohusika na kujidhibiti, na zile zinazotusaidia kuelewa mawazo ya mtu mwingine, zikapoa. Yaani pale pale unapotaka akuelewe ndipo uwezo wake wa kukuelewa unaposhuka.

Ming-Te Wang na Sarah Kenny nao walifuatilia familia 976. Vijana waliofokewa, kutukanwa na kudhalilishwa kwa maneno wakiwa na miaka 13 walizidi kuwa na matatizo ya tabia na dalili za sonona katika mwaka uliofuata. Tabia ikizidi kuharibika, wazazi nao wakazidi kufoka. Kilichonishtua ni kwamba upendo wa mzazi haukupunguza madhara hayo. Ile kauli yetu ya "namgombeza kwa sababu nampenda" haikuwakinga watoto hao.

Kuna watakaokuletea methali ya samaki. Ni kweli, mkunje angali mbichi. Lakini samaki wa miaka 15 ameshaanza kukauka, na ukimkunja kwa nguvu utasikia mlio.

Hatua ya 1: Amua kama hili ni la kudadisi au la kuzuia

Kijana anayetaka kuendesha gari akiwa amelewa hadadisiwi, ananyang'anywa ufunguo. Anayempiga mwenzake anashikwa mkono. Penye hatari ya papo hapo, penye mtu anayeumizwa, na penye dalili kwamba kijana anafikiria kujidhuru, kazi yako ya kwanza ni usalama na kutafuta msaada wa mtaalamu. Maswali ya udadisi yatasubiri.

Katika kuzuia, tumia maneno machache. "Hapana. Leo huendi. Tutaongea kesho." Sentensi tatu zinatosha, ya nne ndiyo huanza kuwa mahubiri. Na hiyo kesho uliyoahidi ifike kweli.

Mengine yote, na ni mengi kuliko tunavyodhani, ni ya kudadisi: kuchelewa kulala, alama kushuka, uongo mdogo, marafiki wapya, chumba kilichogeuka jaa, kuacha mchezo aliokuwa akiupenda.

Hatua ya 2: Igawe karatasi safu mbili

Kama jambo linaweza kungoja, lingoje hadi kesho yake. Wakati huo chukua karatasi, igawe katikati. Kushoto andika ulichokiona kwa macho au kukisikia kwa masikio. Kulia andika unachodhani.

Yangu ilikuwa hivi. Kushoto: taa ya simu inawaka saa saba na robo usiku, siku tatu wiki hii ameamka kwa kuitwa mara nne, alisinzia mezani. Kulia: ana uraibu, hajali masomo, kuna mtu anamharibu, ananidharau. Safu ya kulia ilikuwa ndefu mara mbili ya kushoto, na hotuba yangu yote ya dakika 20 ilikuwa imetoka huko. Utakachokwenda nacho kwenye mazungumzo ni safu ya kushoto peke yake.

Hatua ya 3: Kaeni ubavu kwa ubavu

Kumwita kijana akae mbele yako, macho kwa macho, ni kumweka kizimbani. Zungumza mkiwa na shughuli ya mikono au miguu: mnatembea, mnafua, mnatengeneza kitu, mko garini na wote mnatazama barabara. Asipolazimika kukutazama, ana nafasi ya kufikiri. Usianze akiwa na njaa au na usingizi, wala mbele ya wadogo zake au wenzake. Hapo hata swali zuri linakuwa aibu.

Hatua ya 4: Chunga neno la kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Kiswahili chetu kina maneno madogo yanayochoma kabla kitenzi hakijafika. "Mbona" ni la kwanza. "Mbona umechelewa?" haina swali ndani yake, ina hukumu tu. "Hivi" ni la pili: "Hivi wewe una akili timamu?" Halafu kuna "kwani", kuna "si nilikwambia", na lile baya kuliko yote, "eti". "Eti ulikuwa unasoma." Ukishasema "eti" umemwita mwongo, na kilichobaki kwake ni ama kunyamaza ama kukuthibitishia.

"Kwa nini" ina heshima zaidi, lakini nayo ni mtego. Inadai sababu. Mambo mengi ya ujana hufanywa bila sababu inayoweza kusemwa, hivyo ukiidai atakutungia moja papo hapo. Uongo huo umeuagiza wewe.

Yanayofanya kazi ni maswali ya mwendo wa jambo. Ilikuwaje? Ilianzia wapi? Ukifika hapo, kwa kawaida kinafuata nini? Sehemu gani ni ngumu? Kabla ya swali, weka kitu kimoja kutoka safu ya kushoto, kisha ukiri kwamba hujui. Mimi nilisema hivi, tukiwa tunaanika nguo: "Nimeona simu inawaka mpaka saa saba. Sijui huwa kunaendelea nini kuanzia saa nne hadi saa saba. Nieleze kama mtu asiyejua kabisa."

Akacheka kidogo. "Hujui kweli, shangazi."

"Sijui."

"Wenzangu wote wanaingia kwenye kundi saa nne. Nikitoka mapema, asubuhi darasani wanacheka na mimi sijui wanacheka nini."

"Kumbe," nikasema.

Hilo neno lilinitoka lenyewe, na tangu siku hiyo ndilo kipimo changu. Kama mmezungumza nusu saa na hukusema "kumbe" hata mara moja, au hata kuihisi moyoni, basi hukuwa unadadisi. Ulikuwa unahoji. Miezi yote nilikuwa napigana na simu, kumbe mwenzangu alikuwa anaogopa kuwa yule asiyejua kichekesho.

Hatua ya 5: Nyamaza

Miaka ya 1970 mwalimu na mtafiti Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Ulikuwa takriban sekunde 1. Walipojizoesha kusubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe, na "sijui" zikapungua. Sekunde 3 unazihisi kama dakika. Hesabu kimyakimya. Ukishindwa, geukia nguo unazoanika.

Na akisema "sijui"? Mara nyingi ni kweli hajui. Usimchimbe. Mpe makisio mawili, na moja liwe dhidi yako: "Nakisia mambo mawili. Labda somo limekuwa gumu. Au labda tangu nilipokufokea ile siku, hutaki kulisikia kabisa." Kijana huona raha kumsahihisha mtu mzima, na katika kukusahihisha atakueleza. Akirudia "sijui", sema "sawa, ukikumbuka uniambie", kisha ongelea jambo jingine. Mpwa wangu huniambia mambo makubwa siku mbili baadaye, akiwa nusu ndani nusu nje ya mlango.

Hatua ya 6: Ligeuzeni jambo kuwa uchunguzi wa pamoja

Wengi wetu huishia hatua ya 5. Tumesikiliza, tumeguswa, halafu tunatoa amri ile ile kwa sauti ya upole. Kijana anaona wazi kwamba alichokieleza hakikubadilisha chochote, na wakati ujao hatakuambia.

Chukua alichosema, kifanye swali ambalo hakuna kati yenu anayejua jibu lake, kisha mtafute namna ya kulijibu. Letu lilikuwa: je, ni kweli ukitoka mapema unakosa vichekesho? Tulipiga mistari nyuma ya daftari la zamani: saa ya kuweka simu chini, saa ya kuamka, hali ya asubuhi kwa alama 1 hadi 5, na safu ya mwisho aliyoibuni yeye, "nilichokosa". Siku 14. Nami nikajaza safu zangu pembeni yake. Hili usiliruke, maana kama anayepimwa ni yeye peke yake mmerudi kizimbani.

Wiki ya kwanza hakubadilisha chochote, aliandika tu. Mwisho wa wiki alikaa akapitia mazungumzo ya kundi, akahesabu ujumbe kwa kila nusu saa. Sikumwomba. Kumbe kundi linachemka kati ya saa nne na saa tano na nusu. Baada ya hapo wanabaki wawili tu, wanatumiana picha. Saa moja na nusu nzima ya usingizi alikuwa akiitoa kwa ajili ya watu wawili na picha zao.

Ni wakati huo tu nilipomletea maarifa ya kitabuni, na aliyapokea. Kwamba katika balehe homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, huanza kupanda baadaye zaidi usiku kuliko kwa mtoto mdogo, hivyo ugumu wake wa kulala saa tatu haukuwa ukaidi mtupu. Na kwamba wataalamu wa usingizi wanashauri kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Mlangoni, mwezi mmoja kabla, nilisema mengi kuhusu usingizi, na hakuna lililoingia. Utafiti wa mwaka 2014 kutoka Chuo Kikuu cha California, Davis, unaendana na hili: watu walikumbuka vizuri zaidi majibu ya maswali waliyokuwa na hamu nayo, na hata sura za watu walizoonyeshwa wakati wakisubiri jibu. Hamu ikiamka, kinachopita karibu nayo nacho kinashika.

Mifano mingine ya kuligeuza jambo:

Amewasilisha insha iliyoandikwa na programu ya akili mnemba. Ichapisheni, kila mmoja achukue kalamu, mpige mstari chini ya kila sentensi ambayo mwandishi hangeweza kuitetea akiulizwa. Kisha linganisheni. Hapo mtazungumza kuhusu kazi yenyewe, na suala la kudanganya litajileta.

Anaiga watu wa mtandaoni wanaouza ndoto. Usimwambie ni matapeli. Muulize pesa yao inatoka wapi hasa, kisha mfuatilie pamoja: nani analipa, nani anabofya, nani anabaki na kitu. Mwaka 2016 Christopher Bryan, David Yeager na wenzao walichapisha jaribio lao na wanafunzi wa darasa la 8 jimboni Texas. Wanafunzi waliosoma kuhusu mbinu ambazo kampuni za vyakula hutumia kuwanasa watu, watoto wakiwemo, walichagua vitafunwa bora kuliko waliopewa somo la kawaida la afya. Kijana hapendi kuamrishwa, nawe usisahau kwamba hapendi vilevile kuchezewa na kampuni. Hapo mko upande mmoja.

Anaharibu vitu kwa kuvifungua. Mtafutie kilichokwisha kufa, mkifungue pamoja.

Kwa mwalimu mwenye vijana 50 chumbani, hutaweza kuanika nguo na kila mmoja. Chagua swali moja la darasa zima kwa muhula, kwa mfano kelele huanza dakika ya ngapi ya kipindi na nini kimetangulia, na uwape wao kazi ya kuhesabu. Usishangae ikionekana kelele zinaanza pale wewe unapogeukia ubao.

Hatua ya 7: Aandike yeye kanuni, wewe ushike mpaka

Mpaka wangu ulikuwa kwamba anapata angalau saa 8 za usingizi siku za shule. Huo haukuwa wa kujadiliwa, na niliusema mapema ili asije akadhani nilimficha. Namna ya kuufikia ilikuwa yake. Aliandika: simu inakwenda sebuleni saa tano na nusu, Ijumaa na Jumamosi hakuna saa, tunapitia baada ya wiki mbili. Mimi ningeandika saa nne. Lakini kanuni ya saa nne ningelazimika kuilinda kama askari, na ya saa tano na nusu alikuwa akiilinda mwenyewe, kwa sehemu kubwa.

Mwanasaikolojia Diana Baumrind alianza kuzitofautisha aina za malezi miaka ya 1960: wazazi wa amri tupu, wazazi wa kuachia, na wale wanaoshika mipaka huku wakieleza na kusikiliza. Udadisi bila mpaka utakuangusha kwenye kundi la kuachia, na vijana wanaijua njia ya kwenda huko kuliko wewe. Kila kanuni iwe na tarehe ya kupitiwa, na iwe wazi itakuwaje ikivunjwa. Hilo mlikubaliane mapema, wakati hakuna aliyekasirika.

Ukiteleza

Utateleza. Siku ya 9 nilikuta simu inawaka saa sita na nusu, na neno lililonitoka lilikuwa "Mbona". Likafuatwa na ndugu zake wote. Asubuhi nilimwambia: "Jana nilikufokea kabla ya kukuuliza. Ilikuwaje?" Rafiki yake alikuwa amefiwa na bibi yake. Wawili wale wa usiku, safari hii, walikuwa yeye na huyo rafiki.

Kuomba radhi kwa namna ulivyosema si kufuta kanuni. Vitu hivyo viwili vinaweza kukaa katika sentensi mbili zinazofuatana, na usiziunganishe kwa "lakini".

Usigeuke mpelelezi

Kuna jaribu moja linalomjia kila mtu akishaonja ladha ya kuambiwa mambo. Unataka zaidi. Unaanza kupekua simu, kuuliza wenzake, kuunganisha nukta. Håkan Stattin na Margaret Kerr walionyesha mwaka 2000, katika utafiti wa vijana nchini Sweden, kwamba kile ambacho wazazi wanakijua kuhusu maisha ya watoto wao hutokana zaidi na watoto kusema wenyewe kwa hiari kuliko na wazazi kufuatilia na kudhibiti. Kisima kiko upande wake. Ukikichafua, hakuna kamera itakayokusaidia.

Kwa hiyo alichokuambia ukidadisi usikitumie kama fimbo wiki ijayo. "Si wewe uliyesema unaogopa kuchekwa?" Sentensi hiyo moja inaweza kukugharimu mwaka. Wala usimsimulie mtu mwingine bila ruhusa yake, hata kama ni kwa kumsifu. Na kama alichosema kinahusu usalama wake, ukalazimika kumwambia mwingine, yeye awe wa kwanza kujua kwamba utasema, na utamwambia nani.

Siku ya 14 tulikaa na lile daftari. Safu yake ilikuwa imetulia, alama za asubuhi 3 na 4, moja ya 2. Akaipitia ya kwangu kwa kidole, taratibu, kama mwalimu.

"Shangazi, hapa kila siku umeandika simu chini saa sita. Huwa kunaendelea nini kuanzia saa nne hadi saa sita?"

"Sijui," nikasema.

Akasubiri. Niliona midomo yake ikihesabu.

"Nasoma ugomvi wa watu nisiowajua," nikasema.

"Kumbe," akasema, na akachora safu mpya.